Kabla ya Kununua Chenso, Tafuta Spea Zake

Anayeishi kwa chenso hanunui mashine mara moja. Siku ya kwanza analipia injini. Miaka yote inayofuata analipia cheni, ba, sproketi, plagi, kamba ya stata na ringi za pistoni, na siku asiyoitegemea anazunguka mji mzima akitafuta koili. Ndiyo maana mpasuaji mzoefu, awe Mafinga au Njombe, ukimuuliza chenso ipi ni bora haanzi na nguvu za injini. Anakuuliza: unafanyia kazi wapi, na spea utazitoa wapi?

Swali hilo ndilo ninaloliweka mbele katika makala haya. Nguvu, uzito na bei vina umuhimu wake, lakini mashine iliyolala stoo wiki tatu ikisubiri sili ndogo ya mpira haina nguvu yoyote. Wakati huo kitalu kimeshalipiwa, vibarua wanakula, na mwenye lori anadai chake.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, tenga nusu siku uzunguke madukani. Kwa Dar es Salaam, anzia Kariakoo na Gerezani. Kwa Nairobi, ambako wengi huiita mashine hii pawa, pita Kirinyaga Road. Mikoani tafuta wauza mashine ndogo na pembejeo. Usiulize kama spea zipo, maana jibu la muuzaji siku zote ni ndiyo. Taja vitu kwa majina: pistoni na ringi zake, koili, kabureta, pampu ya oili, klachi, sili za krenki, stata kamili. Mwombe avishushe kwenye rafu uvione kwa macho. Cheni na plagi visikuridhishe, kwa sababu hivyo hupatikana hata kwa mashine ambayo kiwanda chake kimeshaacha kuitengeneza. Ukikuta vitu vinne kati ya hivyo saba kwenye duka moja, na fundi wa mtaani anayeijua mashine hiyo, una pa kuanzia.

Tuzitazame basi zile zinazoonekana zaidi sokoni.

Stihl ni kampuni ya Ujerumani, iliyoanzishwa na Andreas Stihl mjini Stuttgart mwaka 1926. Kwenye kazi nzito inajulikana kwa MS 381, yenye injini ya cc 72 hivi, na ile kongwe 070, yenye takribani cc 106. Hii 070 imepasua mbao Afrika na Asia kwa miongo mingi. Injini yake huzunguka polepole lakini inavuta, na imeundwa kwa wepesi kiasi kwamba fundi anaweza kuifungua na kuifunga akiwa amekaa juu ya gogo. Ubaya wake ni uzito, takribani kilo 10 kabla hujafunga ba, na toleo lake la asili halina breki ya cheni wala mipira ya kupunguza mtetemo. Isitoshe, viwanda vya China vinatoa nakala zake kwa wingi, nazo huuzwa bega kwa bega na zile za asili. Spea zimejaa, na hiyo ni faida ya kweli. Hata hivyo ubora wa spea hizo unapishana mno, na mtu anayeanza kazi leo simshauri aanze na mashine isiyo na breki.

Husqvarna ni ya Sweden. Kiwanda chake kilianza mwaka 1689 kikitengeneza silaha, na chenso yake ya kwanza ilitoka mwaka 1959. Namba za modeli zake nyingi hukusaidia kukisia ukubwa wa injini: 272 ina cc 72, 372 ina karibu cc 71, 395 ina karibu cc 94. Kwa Stihl usitumie kanuni hiyo, maana MS 180 ina cc 32 tu hivi, mashine ya kupogolea na kukata kuni.

Watu hubishana usiku kucha kuhusu majina haya mawili. Kwangu mimi ubishi huo hauna faida. Zote mbili hufanya kazi nzito kwa miaka mingi zikitunzwa. Palipo na wakala wa Stihl anayeweka spea, chukua Stihl. Palipo na wa Husqvarna, chukua Husqvarna. Na kama mko wapasuaji watano katika kijiji kimoja, nunueni modeli moja, kwa sababu siku koili ya mmoja ikifa, ya mwenzake itaokoa kazi hadi mpya ifike.

Halafu kuna chenso za China zilizoandikwa 5200 au 5800. Zina majina kadha wa kadha ubavuni, lakini nyingi ni za ukoo mmoja, uliotokana na ubunifu wa kampuni ya Zenoah ya Japani. Kwa mnunuzi hilo ni jambo jema: kabureta, koili au stata ya jina moja mara nyingi huingia kwenye jina jingine, na bei yake ni ndogo. Mkulima mwenye miparachichi ya kupogoa, au mwenye shamba la mikaratusi anayeangusha miti michache kwa mwaka, hana sababu ya kuionea haya mashine hii. Anayepasua mbao kutwa nzima ndiye atakayejuta, maana beringi na klachi za nyingi kati yake hazikujengwa kwa mzigo huo. Usiiamini pia ile namba ya ubavuni kama kipimo cha injini. Pistoni za 5200 na 5800 zinakaribiana mno kwa kipenyo, tofauti ikiwa sehemu ndogo ya milimita, na macho hayatakuonyesha. Toa ya zamani, ipime kwa venia, ndipo uagize.

Echo ya Japani ni mashine nzuri, ila uliza spea mara mbili kabla ya kuichukua. Makita iliacha kutengeneza mashine za petroli mwaka 2022 na kuelekeza nguvu kwenye betri. Ukiuziwa chenso yake ya petroli kwa bei ya kutupa, kumbuka kwamba kadiri miaka inavyokwenda spea zake zitazidi kuadimika. Anayemiliki tayari afahamu kwamba Makita iliinunua Dolmar ya Ujerumani mwaka 1991, hivyo spea nyingi za majina hayo mawili ni zilezile. Hali kadhalika mwenye chenso kongwe ya Jonsered asikate tamaa. Baadhi ya modeli zake za baadaye zilijengwa pamoja na za Husqvarna. 2171, kwa mfano, ni pacha wa Husqvarna 372, na pistoni ya huyu humfaa yule.

Sasa tuingie dukani. Mazungumzo ya kaunta huwa hivi:

“Kaka, nipe cheni ya inchi 20.”

“Ya mashine gani?”

“Ya Mchina.”

“Meno mangapi?”

Kimya. Muuzaji anachukua boksi la juu, mteja analipa, na jioni cheni inaning’inia kwenye ba kama shanga shingoni, au imekuwa fupi haifiki kabisa. Kosa lilianzia kwenye neno “inchi 20”, kwa sababu huo ni urefu wa ba. Cheni ya ba ya inchi 20 inaweza kuwa na meno ya chini 72 ikiwa ni ya saizi ya 3/8, au 76 kwa zile 5200 na 5800 za China, au 80 kwa Husqvarna inayotumia saizi ya .325. Meno ya chini ni yale yanayoingia ndani ya mfereji wa ba, siyo yale ya juu yanayokata. Tia alama ya chaki kwenye jino moja, hesabu hadi uirudie alama, kisha rudia kuhesabu.

Idadi hiyo ni kipimo cha kwanza. Cha pili ni saizi ya cheni yenyewe. Pima kutoka katikati ya ribiti moja hadi katikati ya ribiti ya tatu. Ukipata takribani milimita 16.5, cheni yako ni ya .325, milimita 18.6 ni ya 3/8, milimita 20.5 ni ya .404, ile nene ya mashine kubwa kama 070. Angalia pia kwamba 3/8 ziko mbili, ya kawaida na ile fupi ya kimo inayotumika kwenye mashine ndogo kama MS 180. Hizo mbili hazibadilishani.

Kipimo cha tatu ndicho kinachowaponyoka wengi: unene wa meno ya chini. Unene unaokutana nao sana ni milimita 1.3, 1.5 na 1.6. Chenso za Stihl za kazi nzito kwa kawaida hutumia 1.6, za Husqvarna 1.5. Cheni ya 1.6 haiingii kwenye mfereji wa 1.5, na hapo angalau unajua mara moja kwamba umekosea. Ya 1.5 kwenye mfereji wa 1.6 inaingia bila shida, inazunguka, na ndani ya siku chache inalala upande mmoja, ubao unatoka umepinda na mfereji unalika. Mwenye mashine anamlaumu mnoaji, kumbe tatizo ni sehemu moja ya kumi ya milimita.

Habari njema ni kwamba vipimo vyote vitatu mara nyingi vimegongwa kwenye shina la ba, pale inapofungwa na nati. Futa grisi na unga wa mbao uvisome. Cheni nayo ina namba zake. Za Oregon huandikwa kwenye meno ya chini: 72, 73 na 75 ni za 3/8 kwa unene wa 1.3, 1.5 na 1.6 kwa mfuatano huo. 20, 21 na 22 ni za .325 kwa unene uleule. 91 ni ile 3/8 fupi. Kwenye cheni za Stihl, jino la chini lina tarakimu ya mwisho ya unene, yaani 6 kwa 1.6 na 3 kwa 1.3. Oregon yenyewe ni kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1947, baada ya Joseph Cox kumchunguza buu wa mbawakawa anavyotafuna mti kulia na kushoto, akabuni jino la kukatia lililopinda. Cheni karibu zote tunazotumia leo zinafuata umbo hilo.

Tupa nayo iendane na cheni. Kwa .325 tumia tupa ya mviringo ya milimita 4.8, kwa 3/8 ya kawaida 5.2 au 5.5, kwa .404 ni 5.5, kwa 3/8 fupi ni 4.0. Anayekata magogo anoe kwa pembe ya nyuzi 30. Anayepasua mbao kwa urefu wa gogo anahitaji pembe ndogo, karibu nyuzi 10, na kuna cheni zinazouzwa zikiwa zimeshanolewa hivyo. Uso wa ubao hutoka laini zaidi na injini haipati shida.

Sproketi ni ndogo na bei yake si kubwa, lakini ndiyo inayoua cheni mpya. Kanuni ya watengenezaji ni kuibadilisha kila unapomaliza cheni mbili, au mapema zaidi kama alama za kulika zimefika nusu milimita. Nunua cheni mbili na sproketi moja kwa pamoja, uzitumie cheni hizo kwa zamu ili zilike sawasawa. Ba nayo uigeuze juu chini kila unaponoa.

Tukija kwenye spea za ndani ya injini, namba ni rafiki yako mkubwa. Spea halisi ya Stihl ina tarakimu 11, na nne za mwanzo hutaja familia ya mashine: 1119 ni MS 381 na ndugu zake, 1106 ni 070, 1130 ni MS 170 na MS 180. Tatu zinazofuata hutaja aina ya spea: 020 ni silinda na pistoni, 120 ni kabureta, 400 ni umeme wa kuwashia. Ukimpelekea muuzaji namba hiyo kwa simu, hata akiwa mkoa mwingine, hamna cha kubahatisha. Husqvarna nayo hutumia namba ya tarakimu tisa. Kwa spea za China, ambazo mara nyingi hazina namba, njia ya uhakika ni kwenda na spea ya zamani mkononi. Picha ya simu inasaidia, lakini haionyeshi kipenyo.

Spea feki zipo nyingi, nazo zimevaa maboksi ya majina makubwa. Angalia maandishi ya boksi: herufi zilizofifia, jina lililokosewa herufi moja, boksi lisilo na namba ya spea. Cheni feki utaijua kwa tupa. Tupa ikizama kwenye jino kama inavyozama kwenye msumari laini, chuma hicho hakikukomazwa vizuri na makali yake hayatafika saa sita mchana. Dai risiti yenye jina la duka. Mwenye duka anayekataa kuandika jina la spea kwenye risiti amekwisha kukujibu.

Je, kila kitu lazima kiwe orijino? Hapana, na anayekuambia hivyo anakutia hasara. Cheni na ba za Oregon, kamba ya stata, kichujio cha hewa, mpira wa petroli na plagi ya kampuni inayoaminika kama NGK au Bosch ni vitu salama hata kama havina jina la mashine yako. Chenso nyingi za China huja na plagi iliyoandikwa L7T. NGK inayoingia mahali pake ni BPMR7A, na mabadiliko hayo peke yake mara nyingi hurahisisha kuwasha. Mahali pa kutoa fedha bila kusita ni beringi na sili za krenki, pistoni, koili, na viwambo vya ndani ya kabureta. Vikiwa vibovu hivyo, utafungua injini upya ndani ya mwezi. Kwa pistoni, Meteor ya Italia ina heshima yake; ukiipata kwa modeli yako, ichukue.

Lakini usinunue pistoni kabla ya kujua kilichoua ile ya kwanza. Fungua mafla, vuta kamba polepole, utazame ndani ya tundu la moshi kwa tochi. Pistoni nzima ina rangi ya kijivu inayong’aa, na mistari ya mashine ya kiwandani bado inaonekana. Iliyoungua ina mikwaruzo ya kusimama wima, kana kwamba imeparuzwa kwa msasa. Mikwaruzo ikiwa upande wa moshi tu, mara nyingi ni joto kali lililotokana na petroli kuwa haba au hewa kuvuja kwenye sili. Ikizunguka pande zote, shuku oili: haikuwekwa, au iliyowekwa siyo yake. Fundi akibadilisha pistoni na kuiacha sili iliyovuja, baada ya siku chache utarudi dukani na fedha zilezile.

Kuhusu oili, soma mdomo wa tangi au kitabu cha mashine yako. Mashine nyingi za kisasa zinataka 50 kwa 1, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Nyingi za China zimeandikwa 25 kwa 1, ambayo ni mililita 200 kwa lita 5. Pima kwa chupa yenye mistari, siyo kwa kifuniko wala kwa macho. Tafuta alama ya JASO FD kwenye chupa. Oili ya boti iliyoandikwa TC-W3 imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji. Chenso inapozwa na hewa na inachemka kuliko hiyo, kwa hiyo oili ya boti waachie wavuvi. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi usiutie.

Wengi hulainisha cheni kwa oili chafu ya gari. Najua sababu ni bei. Oili hiyo imebeba chembe za chuma ambazo husaga pampu na ba, na ukijumlisha bei ya ba na pampu mpya, ile nafuu haipo. Kama oili maalumu haipatikani, tumia oili safi ya injini iliyo nzito.

Chenso mtumba inaweza kuwa ununuzi mzuri, tena mashine iliyokufa ya modeli yako ni hazina: nunua mzoga mmoja kwa bei ya chuma, utapata skrubu, tangi, kifuniko na mpini ambavyo madukani havipo. Kwa ile unayotaka kuifanyia kazi, fanya kipimo hiki ikiwa imezimwa: ishike kwa mpini wa stata peke yake, ining’inie. Ikishuka kwa kusita sita, mgandamizo bado upo. Ikidondoka moja kwa moja hadi chini, ringi au silinda imechoka, na bei ishuke hivyohivyo au uondoke. Mulika mafla kama nilivyoeleza. Angalia pia skrubu; vichwa vyake vikiwa vimeparuzwa vyote, mashine hiyo imepita mikono mingi.

Kuna spea ambazo watu hawazinunui kwa sababu mashine inawaka bila hizo, nazo ndizo zinazolinda uhai. Ya kwanza ni mkanda wa breki ya cheni. Ijaribu kila asubuhi: sukuma kinga ya mbele, kisha hakikisha cheni haizunguki. Ya pili ni kidaka cheni, kile kipande kidogo chini ya sproketi kinachozuia cheni iliyokatika isikurukie mkono au mguu. Bei yake ni ndogo na kwenye mashine nyingi za zamani kimeshavunjika. Ya tatu ni kifungio cha mafuta kwenye mpini, kinachozuia mashine isiongeze mwendo kwa kuguswa tu. Ya nne ni mipira ya kupunguza mtetemo, maana mtetemo wa miaka hutia ganzi vidole vya mpasuaji. Fundi anayekwambia “hiyo toa tu, haina kazi” usimpe mashine yako tena.

Leo jioni, kabla hujaiweka chenso yako stoo, safisha shina la ba na uandike mambo matano kwenye karatasi: modeli ya mashine, saizi ya cheni, unene wake, idadi ya meno ya chini, na aina ya plagi. Piga picha karatasi hiyo, itume kwenye simu ya msaidizi wako na ya fundi wako. Safari ijayo ya dukani, soma hizo namba kwa muuzaji, na usikubali boksi lolote lisilolingana nazo.